Chupa ya Dawa ya Mafua na Roki ya Kusini

Mwenyekiti, wazee wetu wa dansi mliokaa safu ya mbele, vijana wa bendi za hotelini na za kanisani, na ninyi mliokuja kusikiliza tu: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie roki ya Kusini mwa Marekani, ile iliyolowa bluzi, na kwa nini mtu akishaionja ni vigumu kuiacha. Jibu nalitoa sasa hivi ili nisiwazungushe. Inashika kwa sababu gitaa ndani yake linaimba. Linavuta pumzi, linakwama kooni, linalalamika, linatukana hata. Na ufundi wa kuliimbisha gitaa namna hiyo haukubuniwa na wale vijana Wazungu wenye nywele ndefu mnaowaona kwenye majalada ya santuri. Waliupata kwa watu Weusi wa mashamba ya pamba, ambao wengi wao walikufa bila kujua kwamba kuna mtu walikuwa wanamfundisha.

Mwaka 1903, W. C. Handy, mwanamuziki Mweusi msomi wa nota na kiongozi wa bendi, alikuwa akisubiri treni usiku kwenye stesheni ya Tutwiler, Mississippi. Treni ilichelewa, akasinzia. Alipozinduka, pembeni yake alikuwa ameketi mtu mwembamba, nguo zimechakaa, vidole vya miguu vinachungulia nje ya viatu, anapiga gitaa huku akikandamiza kisu juu ya nyuzi. Mstari mmoja aliuimba mara tatu, na gitaa likawa linamjibu. Handy aliandika baadaye kwamba hajawahi kusikia muziki wa ajabu kama ule. Jina la mpigaji hakuna anayelijua hadi leo.

Kisu kilifanya nini? Gitaa la kawaida lina vile vyuma vya shingoni, na kila chuma ni sauti yake; huwezi kukaa katikati. Ukiteleza juu ya uzi kwa kisu au kwa shingo ya chupa, mipaka ile inafutika, unapita popote kati ya sauti na sauti, kama anavyofanya mwimbaji. Watoto wa Mississippi walikuwa wakichomoa waya kwenye ufagio, wanaupigilia misumari ukutani, kisha wanateleza chupa juu yake. Ala ya uzi mmoja, bei yake bure.

Mliopita kwenye kwaya mnaijua solfa, basi nitawaeleza bluzi kwa lugha hiyo. Chukua mi, so na ti, uzishushe kidogo, zisifike chini kabisa. Zikae pale penye mkwaruzo. Hapo ndipo panapouma. Chini yake weka kodi tatu tu, na simaanishi zile za serikali: ya do, ya fa na ya so. Zungusha vipimo 12. Mwimbaji anasema jambo, analirudia, mstari wa tatu unalijibu, na kila anaponyamaza gitaa linadakia. Basi. Kwa mali hiyo ndogo watu wamejenga nyumba ambayo mpaka leo haijaisha vyumba.

Najua kuna mtu atauliza kama bluzi ilitoka kwetu huku. Hapana, tusijipendelee. Mateka waliopelekwa Kusini mwa Marekani walitoka hasa Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola. Msikilizeni mpiga gitaa marehemu Ali Farka Touré wa Niafunké, Mali, mtasikia ndugu wa John Lee Hooker, mwanabluzi wa Mississippi, ingawa hao wawili walikulia pande mbili za bahari.

Mwaka 1941 Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alifika shamba la Stovall, Mississippi, akamrekodi dereva wa trekta aliyeitwa McKinley Morganfield kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Miaka miwili baadaye dereva huyo alihamia Chicago, akatia umeme kwenye gitaa lake, na dunia ikamjua kwa jina la Muddy Waters. Bluzi ya shambani ikapata amplifaya. Uingereza walizinunua santuri hizo, wakazipenda, wakaunda bendi, wakaziuza upya Marekani. Ndiyo kichekesho kimoja kikubwa cha historia hii: kijana wa Florida alipata bluzi kutoka London, wakati mwenyewe bluzi alikuwa upande wa pili wa reli, mtaa ambao sheria na desturi zilimkataza kijana huyo kuuzoea.

Lakini redio haikuwa na mtaa. Nashville kulikuwa na kituo cha WLAC chenye nguvu ya wati 50,000. Usiku mawimbi ya AM huakisiwa na tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana, kwa hiyo kituo kimoja cha Tennessee kilisikika sehemu kubwa ya Kusini na kupita. Mtangazaji John Richbourg, ambaye wasikilizaji wengi walimdhania Mweusi kwa sauti yake na alikuwa Mzungu, alikuwa anapiga bluzi na muziki wa soul katikati ya matangazo ya vifaranga wa kuku na mafuta ya nywele. Shule zilitenganishwa, mabasi yalitenganishwa, hata bomba la maji ya kunywa. Chini ya blanketi mtoto wa Kizungu alikuwa na Muddy Waters sikioni. Katika watoto hao walikuwemo ndugu wawili, Duane na Gregg Allman, wazaliwa wa Nashville, 1946 na 1947, ambao baba yao aliuawa wakiwa wadogo na mama yao akawahamishia Daytona Beach, Florida.

Sasa tufike kwenye chupa. Kisa hiki ni cha Gregg mwenyewe. Duane alianguka kutoka juu ya farasi, akaumia kiwiko cha kushoto, akamnunia mdogo wake kana kwamba yeye ndiye farasi. Tena akashikwa na mafua. Siku yake ya kuzaliwa Gregg alimwekea zawadi mlangoni, akabisha hodi akakimbia: kichupa cha vidonge vya mafua aina ya Coricidin, na santuri ya kwanza ya mwanabluzi aitwaye Taj Mahal. Saa chache baadaye Duane akapiga simu, njoo haraka. Gregg alipofika alikuta vidonge vyote vimemwagwa mezani, lebo imeoshwa, na kichupa kimevikwa kidole cha pete cha kaka yake, kinateleza juu ya nyuzi. Alikuwa anaiga wimbo uliokuwa kwenye santuri ile, "Statesboro Blues".

Mwenye wimbo ni Blind Willie McTell, kipofu wa Georgia, aliyeurekodi mwaka 1928 kwa gitaa la nyuzi 12. Alikufa mwaka 1959. Hakuona senti wala sifa ya kilichofuata.

Mpigaji anayetaka kujaribu nyumbani asikilize. Duane mara nyingi alituni nyuzi ili zikipigwa wazi, bila kushika popote, zitoe kodi nzima ya E. Kichupa hakikandamizwi mpaka kwenye mbao; kinagusa tu uzi, juu kabisa ya chuma, siyo nyuma yake. Vidole vinavyobaki nyuma ya kichupa vinalala juu ya nyuzi kuzinyamazisha, la sivyo utapata kelele ya mlango mbovu. Mkono wa kulia aliacha kichano cha kudonolea nyuzi, akadonoa kwa vidole vitupu. Kisha kiganja kinatetema kidogo mwisho wa kila sauti. Mtetemo huo ndio unaotofautisha mtu anayepiga noti na mtu anayeongea, na haufundishwi kwa maneno, nimeona walimu wazuri wakishindwa.

Mwishoni mwa mwaka 1968 Duane alikuwa Muscle Shoals, Alabama, mji mdogo kando ya mto Tennessee, akitafuta riziki ya kupiga gitaa studio ya FAME ya Rick Hall. Ng'ambo tu ya mto ni Florence, alikozaliwa yule Handy wa stesheni. Sijui maji ya pale yana nini. Siku hiyo aliyekuwa anarekodi ni Wilson Pickett, mwimbaji Mweusi wa soul. Ulipofika muda wa chakula wengine wakatoka. Kwa masimulizi ya Hall, Pickett na Duane walibaki, maana Mweusi na Mzungu mwenye nywele za hippie kuingia pamoja mgahawani Alabama ilikuwa kujitafutia balaa. Katika mapumziko hayo Duane akamshawishi Pickett wairekodi "Hey Jude" ya Beatles, iliyokuwa bado moto kwenye chati. Pickett alikataa kwanza. Akakubali.

Utafuteni mwisho wa rekodi ile. Dakika ya kwanza na ya pili ni wimbo wa kawaida, mzuri. Halafu Pickett anapiga ukelele, na gitaa la Duane linaruka kumpokea, wanasukumana hivyo mpaka sauti inafifishwa, na unabaki na hasira kwamba fundi amewakatiza. Eric Clapton, mpiga gitaa Mwingereza, aliisikia akiwa kwenye gari, hakutulia mpaka alipoambiwa mpigaji ni nani. Wapo waliokuwa studio siku ile wanaosema roki ya Kusini ilizaliwa pale. Mimi naafiki, na ninapenda kwamba ilizaliwa kwa sababu watu wawili hawakuweza kwenda kula.

Machi 1969, Jacksonville, Florida, bendi ya Allman Brothers ikaundwa: Duane na Dickey Betts magitaa, Gregg ogani na sauti, Berry Oakley besi, na wapiga drams wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Jaimoe ni Mweusi wa Mississippi aliyewahi kumpigia Otis Redding, mwimbaji wa soul, na moyo wake ulikuwa kwenye jazi. Ndiye aliyewasikilizisha wenzake Miles Davis na John Coltrane. Wakahamia Macon, Georgia, mji wa Little Richard na Otis, ambako Phil Walden, aliyekuwa meneja wa Otis, alikuwa anaanzisha lebo ya Capricorn.

Mjue mazingira. Gavana wa Georgia mwaka huo alikuwa Lester Maddox, mtu aliyejipatia jina mwaka 1964 kwa kuwafukuza Weusi mgahawani kwake Atlanta, bastola mkononi. Na Macon kulikuwa na mgahawa mwingine, H&H, wa mama Mweusi, Louise Hudson, na mwenzake Inez Hill. Wale vijana wachafuchafu waliingia hawana hela, wakaagiza sahani chache wagawane. Mama Louise akawaletea kila mtu sahani yake ya kuku wa kukaanga na mboga, akasema habari ya malipo tutaongea. Walipofanikiwa walimlipa, na walimchukua wakasafiri naye kwenye ziara. Ukitaka kujua upande wa muziki huu ninaoupenda, ni ule wa meza ya Mama Louise.

Machi 1971 walirekodiwa jukwaani, ukumbi wa Fillmore East, New York. Kwangu hakuna santuri ya roki ya Kusini inayoifikia, na nimegombana na watu kwa hilo. Inafungua na "Statesboro Blues": sekunde chache tu na kichupa kinalia. Baadaye magitaa mawili yanabeba wimbo pamoja, moja juu, jingine chini yake, kama sauti ya kwanza na ya pili za kwaya. Duane ana uchachu wa bluzi. Betts amekulia kwenye kantri na vinanda vya mashambani, ana utamu. Ukivichanganya unapata kitu ambacho hakikuwepo. Wazee wa dansi hamtahitaji kuelekezwa pale maneno yanapoisha na magitaa kuchukua uwanja: hilo ni sebene, isipokuwa hapa halikuja kukuchezesha, limekuja kukutafutia njia ya kutoka, na wapigaji wenyewe hawajui itatokea wapi.

Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki Macon, tarehe 29 Oktoba 1971. Mwaka uliofuata, Novemba, Berry Oakley akafa kwa pikipiki karibu na palepale. Wote walikuwa na miaka 24. Kiti cha besi kikachukuliwa na Lamar Williams, Mweusi mwingine wa Mississippi, na mwaka 1973 bendi ikafika namba mbili kwenye chati za Billboard kwa wimbo wa Betts wenye kantri zaidi kuliko bluzi.

Sasa bendi ya Lynyrd Skynyrd. Kuna watu wa gitaa wanaowadharau kwamba ni wa baa. Mimi sikubaliani. Hawa ni watoto wa mitaa ya wafanyakazi Jacksonville, wakalichukua jina la mwalimu wao wa michezo aliyekuwa anawaandama kwa nywele ndefu, wakalipotosha herufi. Mazoezi walifanyia kibanda cha bati vichakani, nje ya Green Cove Springs, joto la Florida bila feni ya maana, kutwa nzima, mpaka wenyewe wakakiita nyumba ya jehanamu. Tofauti yao na Allman iko hapo: solo zao hazikuzuliwa jukwaani, zilitungwa na kukaririwa noti kwa noti, magitaa matatu hayagongani. Na Ronnie Van Zant, mwimbaji wao, alikuwa mtunzi wa maneno, mwenye jicho. Ana wimbo wa mwaka 1974 kuhusu mtoto anayeokota chupa tupu, anaziuza, na hela anampelekea mzee Mweusi aitwaye Curtis Loew ili ampigie bluzi. Mama anamchapa kwa kwenda huko, naye anarudi. Mzee ni wa kutungwa, lakini sijasikia Mzungu wa Kusini aliyekiri kwa uwazi zaidi alikotoa muziki wake.

Halafu mtu huyohuyo anapanda jukwaani, na nyuma yake imetundikwa bendera ya jeshi lililopigana kulinda utumwa. Sitalipitia jambo hili kwa kunyata. Wapo wanaosema ilikuwa kampuni ya santuri ikiwatafutia sura ya kuuza. Wapo wanaosema kwao ilikuwa nyumbani tu, maana hata shule waliyosoma ilibeba jina la jenerali wa jeshi hilo, Robert E. Lee, na halikufutwa mpaka 2021. Yote mawili yaweza kuwa kweli, na bado bendera ile ilimwambia Curtis Loew asikanyage kwenye ukumbi ambao muziki wake ndio uliokuwa unapigwa. Merry Clayton, mwanamke Mweusi aliyeitikia kwenye wimbo wao maarufu wa Alabama, amesema mwenyewe kwamba alikwenda studio kwa kusitasita. Msikilizeni pale nyuma. Bila sauti yake na ya Clydie King wimbo ule unapwaya.

Tarehe 20 Oktoba 1977 ndege yao iliishiwa mafuta angani, ikaanguka msituni Gillsburg, Mississippi. Walikufa watu sita, Van Zant akiwemo. Santuri yao mpya ilikuwa na siku tatu sokoni.

Wengine nitawataja mbiombio. ZZ Top wa Texas, watu watatu tu, waliochukua mdundo wa buruta-buruta wa John Lee Hooker wakautajirikia, na wana ucheshi ambao wenzao hawana. Bendi ya Marshall Tucker ya South Carolina waliingiza filimbi. Siasa nayo ilipita: Jimmy Carter, gavana aliyemfuata Maddox, alipogombea urais wa mwaka 1976 bendi za Capricorn zilimpigia maonyesho ya kuchangisha fedha, wakati kampeni yake imekauka. Alishinda. Capricorn yenyewe ilifilisika 1979.

Swali ninaloulizwa kila nikizungumza haya: je, ni wizi? Kwa McTell na wenzake, kwa upande wa hela, mara nyingi ndiyo, na wenye makampuni ndio walionenepa. Kwa upande wa muziki naona tofauti kati ya anayechukua akaficha na anayechukua akasema jina la mwenyewe. Watu waliponunua ile santuri ya Fillmore waliisoma lebo, wakakuta McTell, wakakuta mwanabluzi mwingine, T-Bone Walker, wakaenda kuwatafuta. Mimi bluzi niliifikia kwa njia hiyohiyo ya kinyumenyume. Haisafishi deni, ila ni bora kuliko kimya.

Na mstari haujakatika. Derek Trucks, mpwa wa yule Butch, alizaliwa Jacksonville 1979, karibu miaka minane baada ya Duane kufa. Anavaa kioo kidoleni, anadonoa bila kichano, nyuzi zimetuniwa vilevile. Lakini amemsikiliza pia Ali Akbar Khan, bingwa wa ala ya nyuzi wa India, kwa hiyo mitelezo yake inakwenda mahali Duane hakufika. Bendi anayoiongoza na mkewe, Susan Tedeschi, ina Weusi na Wazungu, mapanda na drams mbili. Anzeni na hao kama roki ya zamani inawachosha.

Sasa nimalize kwa kazi. Upande wa nne wa santuri ya Fillmore una wimbo mmoja tu, takriban dakika 23, "Whipping Post". Gregg aliutunga usiku, hana kalamu, kwa njiti za kiberiti zilizoungua, juu ya kitambaa cha meza ya kupigia pasi. Mwanamume aliyetendwa na mapenzi anajifananisha na mtu aliyefungwa kwenye nguzo ya viboko. Mzungu, wa Kusini, kwa picha hiyo! Sauti yake ni ya kijana wa miaka 23, na imechoka kama ya mzee. Ndiyo inayonifanya nimsamehe kila ninaposikia, na kila ukiisha naanza kujiuliza upya.

Utangulizi wake una mapigo 11. Gregg hakujua, Duane ndiye aliyemwambia. Usihesabu mpaka 11, utapotea. Gawanya: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. Pigeni makofi kila penye moja. Mara ya kwanza mtakosea pale mwisho, kila mtu hukosea, kwa sababu mwili unadai tatu ya nne na haipewi. Besi ya Oakley inaingia peke yake. Fundi mitambo, tafadhali, upande wa nne, na usipunguze sauti.